Joab, Fundi wa Pampu Yetu

Joab Onditi hakuwa mtu wa kilima chetu. Naanza na hilo kwa sababu mwishowe ndilo pekee watu walilolikumbuka. Alikuwa mtu wa ziwani, kazi yake ilikuwa kutunza boila la mvuke kwenye kiwanda cha majani ya chai ng'ambo ya mto, na miaka yote tuliyojuana naye alitutengenezea maji bila malipo. Chai alikunywa. Alikunywa nyingi, na kila kikombe alilalamika kwamba sisi tunaweka maziwa mpaka majani yanajiuliza yamekosa nini.

Ukitoka Sigowet ukateremka kuelekea mtoni utaona jinsi tulivyokaa. Huku kwetu ni vishamba vya chai, mahindi, na ng'ombe wawili watatu kwa kila boma. Ng'ambo ni chai ya kampuni, imekatwa sawasawa kama nywele za askari, na katikati yake kiwanda na laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Mto uko chini kabisa, kati yetu na wao. Maji yalikuwa mengi siku zote, lakini yalikuwa chini na sisi tulikuwa juu, na wanaume wa kilima chetu waliona hilo ni shauri la Mungu na wake zao.

Huko mtoni, chini kidogo ya daraja la magogo, kulikuwa na pampu ya chuma iliyoachwa na mmishenari wa zamani. Haikuwa pampu ya mafuta wala ya stima. Maji ya mto yenyewe yaliingia kwa paipu kubwa, yakasukuma kifuniko ndani ya chuma, kifuniko kikajifunga kwa kishindo, na kila kikijifunga maji kidogo yakarushwa juu kwa paipu nyembamba mpaka kwenye tanki letu. Ta, ta, ta, usiku na mchana. Lakini mmishenari alipokwenda kwao ilikufa, nyasi zikaifunika, na mimi nilipoolewa hapa nilikuta ng'ombe wakijikuna nayo.

Joab alikuja kwangu mara ya kwanza kununua maziwa.

"Mama," akasema, "kile chuma kule mtoni ni cha nani?"

"Ni cha ng'ombe. Wanajikunia."

"Ile ni pampu."

"Ilikuwa pampu. Na mimi nilikuwa msichana."

Alicheka mpaka akamwaga maziwa. Jumamosi iliyofuata nilimwona huko chini, amevua shati, anafyeka nyasi. Sikumwambia neno. Jumamosi ya pili nikampelekea chai, kwa sababu mtu akifanya kazi ukiwa unamtazama tu, unaanza kujisikia vibaya. Jumamosi ya tatu nikaenda na kikundi chetu chote cha akina mama, na majembe, kwa maana paipu ya kupanda juu ilikuwa imeoza na mtaro ulihitaji kuchimbwa upya. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Sijui kusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini kupanga watu najua.

Tulichimba msimu mzima wa kiangazi. Wanaume walikaa juu kwenye kivuli wakatushauri. Joab alikata mipira ya kuziba maji kutoka kwa viatu vya gambuti vilivyochakaa, akatufokea tukishika spana vibaya, akatuita wanafunzi wake. Alikuwa na maringo, sitamsafisha kwa sababu hayupo. Akikosea hakubali, akipatia anataja jambo hilo hadi Krismasi. Lakini siku maji yalipofika kwenye tanki, jirani yangu Tecla, mama mtu mzima mwenye wajukuu, aliweka mdomo wake kwenye bomba kama ndama na akakataa kutoka. Joab alisimama kando akijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

Nilimwuliza anapata nini kwa kazi hii.

"Nikikaa laini Jumamosi nitakunywa changaa, na Celine atanipiga," akasema. Celine ni mkewe. Halafu akasema, "Na mashine ikilala bure, mama mwenyekiti, mimi mwenyewe silali."

Tuliita ile pampu Mzee, kwa sababu ya kukohoa. Mvua ikiwa kubwa majani ya miti yaliziba chujio, Mzee akaanza kukohoa, akapunguza mwendo, na baada ya siku moja hivi akanyamaza. Hapo ilibidi mtu avuke mto, apande mpaka kiwandani, ambembeleze askari wa lango, amngoje Joab atoke. Yeye ndiye aliyetoa njia nyingine. Tanki letu linaonekana wazi kutoka mlango wa chumba cha boila, na Joab alitoka mlangoni hapo mara nyingi kupunga hewa. Akasema tuanike kitu chekundu kwenye kigingi cha tanki. Akikiona, zamu ikiisha atateremka na mfuko wake.

Basi nikaweka sheria kwenye kikundi. Yeyote atakayekuta tanki kavu aanike leso nyekundu ya kujifunga, asimwombe mtu ruhusa. Ilikuwa sheria nzuri. Leso ikipanda asubuhi, jioni Joab yuko mtoni, peke yake, amepiga magoti, mgongo umeelekea kwenye chai yetu, anazungumza na Mzee kwa lugha yao ya ziwani. Kila mtu kilimani alijua hivyo. Kila mtu, hata wale ambao hawakupaswa kujua.

Mwaka wa tisini na mbili ukaja, na habari za vyama vingi. Sitaeleza siasa, wako watu waliolipwa kuzieleza. Nitasema nilichoona. Niliona vijana wetu wameacha kucheza mpira na wanakutana kwenye boma la shemeji yangu Kiptum, ndugu mdogo wa mume wangu Johana, nami nikipita wananyamaza. Niliona Kiptum, mtu mvivu ambaye hakuwahi kunoa hata kisu cha mboga, amekaa na tupa anachonga vyuma vidogo vyembamba vyenye ncha. Jioni nyingine tuliona moshi upande wa chini, mwingi, mweusi, si moshi wa kuchoma shamba. Johana aliutazama akaingia ndani akafungua Biblia, na nikaona hafungui ukurasa wa pili.

"Ni nini kile?" nikamwuliza.

"Ni moshi."

"Moshi wa nini?"

"Mama Chemutai, usijiingize."

Nikajiingiza. Nilichukua chupa ya maziwa nikavuka mto, nikapanda laini mpaka nyumba ya Joab. Celine alikuwa mlangoni, na pembeni mwake sufuria, ungo, karai na kinu vimepangwa kama vinauzwa.

"Na wewe umekuja kurudisha nini?" akaniuliza.

"Sijawahi kuazima kitu chako. Vyombo vyako vinanuka omena, zile dagaa zenu."

Hakucheka, na siku zote alicheka. "Wamama wa kwenu wananirudishia vitu," akasema. "Ungo huu niliusahau kabisa. Umekaa kwa mtu tangu Calvince wangu hajaenda shule. Jana ameuleta, ameuosha, ameusimamisha hapo, hakutaka hata kuingia. Mama Chemutai, watu wa kwenu wanarudisha vitu tangu lini?"

Nilielewa vizuri. Hakuna mwanamke anayetaka kubaki na ungo wa mtu ambaye anajua yatakayompata.

Joab alikuwa ndani anasikiliza redio. Nilimwambia wazi: ondoa mke wako na watoto, wapeleke kwenu mpaka hali itulie, na wewe usivuke mto.

"Hao wanaofukuza wageni wanataka mashamba yao," akasema. "Mimi nina shamba hapa? Nina sufuria na redio. Watanichukulia nini?"

"Wale waliochomewa kule chini, nusu walikuwa vibarua. Vibarua wana mashamba?"

Alizima redio. Alitazama mikono yake, ambayo haikuwahi kutakata. "Na maji yenu?"

"Tutabeba. Tulikuwa tunabeba."

"Sikufanya kazi ile yote ili mbebe."

"Baba Calvince, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Celine ataenda mwisho wa mwezi. Mimi sitavuka kuja kutembea wala kununua maziwa. Lakini nikiona leso, nitakuja. Hiyo niliwaahidi akina mama, na sikuwaahidi kwa sababu ya kabila lao."

Nilimwita mjinga. Akasema hilo analijua, Celine humwambia kila asubuhi. Nikarudi kwetu nikiwa na hasira, na chupa ya maziwa nikaisahau kwao.

Siku chache baadaye nilikuwa nakamua ng'ombe asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, huoni mto, lakini Mzee ulimsikia vizuri, ta, ta, ta. Halafu hakuna. Hakukohoa. Hakupunguza mwendo. Alinyamaza kama mtu aliyewekewa mkono mdomoni. Niliacha chuchu ya ng'ombe nikasikiliza. Majani yakiziba chujio, pampu inakufa kidogo kidogo, na kila mwanamke wa kilima chetu anajua. Ile ilifungwa na mtu, kwenye vali ya maji.

Sikumaliza hata kuchuja maziwa kabla Kiptum hajaja. Alisimama kwenye mlango wa jiko, gambuti zake zimelowa mpaka juu, ana majani ya chai yamenata kwenye suruali.

"Shemeji, pampu imenyamaza."

"Nimesikia."

"Basi anika leso."

"Leso zangu ni chafu."

"Hata ile nyekundu?"

"Hiyo ndiyo chafu zaidi."

Aliegemea mlango. Kiptum nilimkuta hapa akiwa mdogo wa kufutwa kamasi, na mimi ndiye niliyemfuta. "Watu wana kiu, shemeji. Wewe ni mwenyekiti."

"Wewe umekuwa na kiu ya maji lini? Nenda mtoni, kuna maji huko. Naona umeshaenda."

Alitazama gambuti zake. Alitabasamu, akachukua kikombe changu cha chai kilichokuwa mezani, akanywa chote akisimama, akakirudisha. "Kama si wewe ataanika mwingine," akasema. "Sisi tuna wakati."

Alipoondoka nilikwenda kwenye ukingo wa shamba. Ukungu ulikuwa unapanda. Huko chini karibu na pampu hapakuwa na mchumaji hata mmoja, lakini kati ya vichaka vya chai niliona moshi wa sigara. Mahali pawili. Nikaelewa kwamba siwezi kushuka kufungua vali ile wala kuvuka daraja kumwonya Joab, na kwamba Kiptum hakuwa amekuja kuniomba kitu. Alikuja kunijulisha.

Siku hiyo nilizunguka nyumba zote za kikundi. Nilisema neno moja: leso isianikwe. Wakaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu nimesema. Wengine walibisha, kwa maana nguo zilikuwa zimelowekwa na mabomba yamekauka. Wengine hawakuuliza lolote, walitazama chini, na hao ndio walionitisha zaidi, kwa kuwa wana wao hawakuwa nyumbani. Jioni tulishuka na mitungi kwa njia ya juu, mbali na pampu, tukabeba maji kama zamani. Hakuna aliyeimba. Nilijiambia kwamba Joab haji bila leso, na leso haipandi, basi watachoka kukaa kwenye umande wataenda zao.

Tecla sikumwambia. Tecla alikuwa Longisa kwa binti yake aliyejifungua, na nilijua yuko huko, kwa hiyo nyumba yake niliipita.

Alirudi kesho yake mchana, mimi nikiwa nachuma majani. Alikuta tanki kavu. Alikuwa amechafuka kwa safari, hajui habari za hapa, na akafanya kile ambacho mwanachama yeyote mwenye adabu angefanya. Niliinua kichwa kutoka kwenye kikapu na nikaona wekundu juu ya kigingi, unapepea, ukungu umeshaondoka, anga ni safi mpaka ng'ambo.

Nilikimbia. Tecla alikuwa amekaa kwenye jiwe anakunja mikono, anangoja maji kwa raha zake.

"Nani amekwambia uanike?"

"Wewe," akasema. "Si ni sheria yako?"

Niliing'oa ile leso ikachanika. "Imekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu nifike. Kwani kuna nini, mama? Mtoto wa binti yangu ni msichana, hata hujaniuliza."

Nilitazama ng'ambo. Zamu ilikuwa imeisha, na kwenye njia ya chai ya kampuni, chini ya kiwanda, kulikuwa na ovaroli ya bluu inateremka. Joab alikuwa na mfuko begani na hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa anayemjua. Kupiga kelele kutoka juu hakungesaidia. Mto una sauti kubwa wakati wa mvua, na wale wa karibu wangenisikia kabla yake.

Sikupita njia. Nilikata katikati ya chai, na ambaye hajawahi kukimbia kwenye chai hajui matawi yake yalivyo. Nilianguka, nikateleza kwa makalio, kiatu kimoja kikabaki. Nilipokaribia chini niliacha kukimbia, nikajipangusa, nikafunga kitambaa kichwani. Nilikuwa nimeona gambuti chini ya kichaka. Halafu nyingine. Halafu ncha ya upinde, na kijana niliyembeba mgongoni siku ya ubatizo wake amechutama, macho yake kwenye daraja. Walikuwa wananitazama nipite. Hakuna aliyenisalimu.

Joab alikuwa ameshaweka mguu kwenye magogo.

Hapo sikuwa na nafasi ya kufikiri mengi. Nikimwambia kimbia, mshale utakimbia kuliko yeye. Nikimkumbatia niseme nipigeni mimi, wangenivuta kando kama mbuzi. Kitu nilichokuwa nacho ni mdomo. Hawa vijana walikuwa wametumwa wamwondoe mtu wa ziwani. Basi nikaamua nitamwondoa mimi, mbele yao, vibaya sana, kusiwe na kilichobaki cha kufanya.

Nilisimama mwisho wa daraja, upande wetu, nikaweka mikono kiunoni.

"Joab!" nikaita. "Unakwenda wapi?"

Alisimama. Miaka yote sikuwahi kumwita jina lake tupu. Nilimwita Fundi, nilimwita Baba Calvince, siku za hasira nilimwita majina mengine, lakini Joab peke yake, kama mtu anavyoita mbwa, sikuwahi.

"Nimeona leso, mama mwenyekiti," akasema.

"Leso imeanikwa ikauke. Kila nguo ya mwanamke ukiiona unafikiri ni yako?"

Nilisikia kichaka kimoja nyuma yangu kikitikisika. Mtu alikuwa amejizuia kucheka. Nikajua nimeshika njia.

"Pampu imesimama," Joab akasema.

"Ni lini imefanya kazi? Kila mvua imekufa, kila mvua unakuja kutufokea na kumaliza chai yetu. Kazi yako ni ya kubahatisha. Umefunga gambuti za taka kwenye chuma ukajiita fundi. Kikundi kimekaa, kimekukataa. Tuna vijana wetu wa kutengeneza mambo yetu. Mguu wako usikanyage upande huu tena. Rudi kwa mkeo, mchukue, mwende mkavue samaki."

Uso wake ulibadilika. Naona hadi leo jinsi ulivyobadilika, kwa sababu nilikuwa nimechagua mahali pa kupiga. Ningemtukana baba yake asingejali. Nilimtukana mikono. Alifungua mdomo anijibu, na Joab alijua kujibu, mimi na yeye tulikuwa tukijibizana mpaka watu wanakuja kusikiliza. Nikasali moyoni asinijibu, kwa kuwa akinijibu kwa nguvu, mmoja wa wale watoto angeona sababu.

Alitazama juu kilimani, kwenye kigingi, ambapo leso haikuwepo tena. Alitazama mguu wangu usio na kiatu. Halafu akatazama chai nyuma yangu, taratibu, kutoka kushoto hadi kulia, kama anavyoangalia vipimo vya boila.

"Hata asante hakuna?" akasema, na sauti yake ilikuwa tofauti, ya chini.

"Asante utaikuta kwenu."

Aliteremsha mfuko begani. Mtu mmoja nyuma yangu akavuta pumzi. Joab aliinama, akauweka mfuko juu ya gogo la mwisho, akausukuma kwa kidole upande wangu. "Spana ni za kikundi," akasema kwa sauti ili wasikie. "Sitaki kuitwa mwizi juu ya hayo." Zilikuwa zake, kila moja. Nilikuwa nimemsikia akigombana na Celine kwa sababu ya ile kubwa. "Kifuniko kikikwama, msigonge kwa nyundo. Kimwagieni maji ya moto, mngoje."

"Tumesikia. Nenda."

Akageuka akaenda. Alitembea, hakukimbia, nami nilihesabu kila hatua yake, mgongo ule wa bluu ukiwa wazi kabisa. Nikaendelea kumtukana mpaka akafika kwenye chai ya kampuni, kwa sababu wakati natukana vijana walikuwa wananisikiliza mimi. Sikumbuki nilisema nini. Nilimtukania hata kuku zake.

Alipopotea kwenye kona walitoka. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wengine walicheka na kunipongeza, mama ametuonyesha, mama ni mwanaume. Yule kijana wa upinde hakucheka, alionekana kama mtu aliyeondolewa mzigo, akapita mbio bila kunitazama. Kiptum alikuja wa mwisho. Aliokota ule mfuko wa spana akautikisa, akasikiliza vyuma vinavyolia.

"Una mdomo, shemeji."

"Nimezaliwa nao."

"Ulimdokeza kwamba hatukukusudia kumfukuza tu?"

"Nimwambie nini, na wewe uko hapo unasikia?"

Alifikiri. Kiptum si mjinga, na hilo ndilo baya lake. "Leo umefanya vizuri," akasema. "Au umenichezea vizuri. Nitajua." Akatembea nyuma yangu njia yote ya kupanda, hatua kwa hatua, mfuko ukilia begani mwake, na hakusema neno lingine. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye mavi ya ng'ombe hadi Johana akaja kuniinua.

Lori la kampuni lilipakia watu wa ziwani asubuhi iliyofuata, likawapeleka Sondu, upande wao. Nililiona kutoka shambani. Kulikuwa na magodoro, na watu juu ya magodoro, na mvua ilikuwa inawanyeshea wote sawa, sikuweza kumtambua mtu. Jumapili tukiwa kanisani laini ya juu ilichomwa. Tulisikia harufu tukiwa kwenye wimbo wa pili. Mchungaji alituongezea wimbo.

Hayo yalipita, kama watu wanavyosema, wakiwa na maana kwamba hayatajwi. Kiptum ana zile spana hadi sasa. Anakodisha kwa wenye baiskeli. Jumapili anakaa benchi la nyuma yangu, na wakati wa kusalimiana kwa amani ananishika mkono muda mrefu kidogo kuliko wengine, akinitazama usoni. Bado hajajua. Mimi namsalimu, namwuliza habari za ng'ombe. Usiku mbwa akibweka naamka kabla ya Johana.

Nilikaa muda mrefu sijui kama Joab alifika. Watu wengine walishushwa njiani, wengine lori zao zilipigwa mawe. Hakuna niliyeweza kumwuliza hapa. Mwaka wa tisini na nne, soko la Sigowet lilipoanza kuchanganyika tena, alirudi Mama Arasa, Mkisii anayeuza vitunguu, naye siku za soko jingine huuzia Sondu. Nilizunguka kibanda chake mara kadhaa nikishika vitunguu nisivyovitaka.

"Kule Sondu," nikamwambia, "unamjua mama mmoja anaitwa Celine? Mrefu, anacheka sana."

"Yule wa omena? Namjua. Hacheki sana." Aliendelea kupanga mafungu yake. "Aliposikia nauzia huku aliniuliza kama namjua mwenyekiti fulani wa maji. Mimi nikasema labda."

"Akasema nini?"

Mama Arasa alinitazama, akaelewa. Ni mtu wa soko, anaelewa haraka. "Unataka nikuambie kama alivyosema?"

"Kama alivyosema."

"Alisema nikikuona nikuambie hana salamu zako. Alisema mume wake aliwachotea maji watu kwa miaka, na mwanamke aliyekuwa akimpikia chai akamfukuza kama mbwa mbele ya watu. Alisema mume wake anamkataza kuliongea jambo hilo, lakini yeye ataliongea mpaka afe."

Nilichagua kitunguu kimoja, nikakibonyeza.

"Na huyo mume," nikasema, "amekonda?"

"Nani?"

"Mume wake. Joab."

"Aa, huyo?" Mama Arasa akatafuta mfuko wa kunifungia. "Huyo amenenepa. Ana tumbo."

Nikamwambia anifungie vile vikubwa.